Springi ya Kushoto

Nikolao alisema kweli, na mimi nilijua anasema kweli kabla hajamaliza kusema. Naanza hapo makusudi. Nimewasikia watu wakiisimulia habari hii kwa kuanzia mbali, kwenye gari bovu na barabara mbaya, hata msikilizaji anapofika penye kosa amekwisha kunihurumia. Sitaki huruma. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hizi hasira zangu nyingi ni juu ya Silvano, fundi wa Newala, yaani mimi mwenyewe.

Gari lilikuwa la Mwalimu Cecil wa Masasi, msimamizi wa shule za vijijini, mtu wa familia ya kanisa tangu babu yake. Alilinunua likiwa kuukuu kwa Mzungu mmoja wa Nachingwea aliyekuwa anafungasha kurudi kwao baada ya mradi wa karanga kufa. Viti viwili mbele, sanduku la mbao nyuma, na honi iliyolia ikipenda. Mwaka 1956 Mwafrika mwenye gari lake Masasi ungeweza kumhesabu kwa vidole na vidole vikabaki, kwa hiyo gari lile lilipopita watu walisimama, na Mwalimu alijua kwamba wanasimama.

Dereva wake alikuwa Nikolao wa Lisekese. Alinizidi miaka ishirini, mimi humwita Baba Anastasia. Tulijuana Nachingwea, yeye akiendesha lori, mimi nikisugua vyuma na kupuliza mvukuto katika karakana. Ni yeye aliyemwambia Mwalimu kwamba huko juu Newala yuko kijana anayejua chuma. Bila neno lake Mwalimu asingeniletea hata baiskeli.

Waliniletea gari mara ya kwanza mwezi wa kumi. Springi za mbele zilikuwa zimelala kwa uzee. Springi za gari lile ni bamba za chuma zilizopindwa, sita kila upande, zimepangwa ndefu juu na fupi chini. Zikichoka hunyooka, gari likakaa chini. Dawa yake ni kuzitoa, kuzitia moto bamba moja moja, kuzipinda tena kwa nyundo, halafu kuzizamisha kwenye maji zingali nyekundu ili zikaze. Baadaye unazirudishia moto kidogo zisiwe za kuvunjika. Nachingwea tulikuwa na pipa zima la oili kwa kazi hiyo. Newala nilikuwa na debe, na debe lenyewe lilitaka maji.

Huku juu maji yako bondeni. Mwezi wa kumi wanawake wetu huondoka kabla ya kupambazuka na kurudi jua likiwa utosini. Debe moja ni la kunywa, kupika, na kunawisha uso wa kila mtu. Kwa desturi yetu nilikuwa nimehamia kwao mke wangu, katika kiwanja cha mkwe, na mkwe sisemi naye uso kwa uso. Nikimwona anakuja njiani, napisha. Nikitaka kitu chake, Severina mke wangu ndiye hunisemea.

Severina alinitekea debe lile kwa miguu yake, akaliweka kibandani, kisha akaondoka kwenda kwenye msiba Chilangala. Springi ya kulia ikatoka vizuri sana. Niliipigapiga kwa nyundo na ikaitika. Nilipofika ya kushoto, maji yalikuwa yamechemka na kupungua, yamebaki tope la majivu chini ya debe. Bamba tatu nikazilazimisha humo. Tatu zilibaki.

Mlangoni kwa mkwe ulikuwepo mtungi umejaa, umefunikwa kwa kata. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kando akichambua kunde. Nikasimama kibandani na koleo mkononi, nikajiona nikienda kumwambia mama mzazi wa mke wangu kwa kinywa changu mwenyewe kwamba nataka maji yake ya kunywa niyamwagie chuma. Miguu ilikataa. Ningeweza kungoja Severina arudi kesho, lakini nilikuwa nimekwisha kumwahidi Mwalimu kwamba jioni gari litakuwa tayari, na ahadi ile niliitoa mbele ya watu. Basi bamba tatu za mwisho nikazifukia kwenye mchanga zikapoa polepole. Nikajiambia ni yale yale. Si yale yale. Chuma kikipoa hivyo hulainika, na kila mhunzi wa uwanda huu anajua, hata asiyejua kuandika jina lake.

Gari likaondoka limeinua kichwa. Mwalimu alinisifu. Nikolao alinipa mkono, akanipa tena mara ya pili, kama mtu anayejivunia chaguo lake.

Mwezi wa kwanza walirudi. Gari lilisikika tangu kwenye kona ya soko, tairi la mbele la kushoto likikwaruza madigadi kila linapopinda. Lilipomaliza kupanda mlima, mpira ulikuwa umeliwa ubavuni hata nyuzi zinaonekana. Mwalimu aliteremka na uso uliofungwa. Alikuwa na safari za shule saba, na tairi jipya hapa kwetu halichumwi.

Nikafanya kazi yangu, na niseme ukweli, nilifanya kwa utaratibu mzuri. Nilisoma namba za matairi, zilikuwa sawa. Nikahakikisha yana upepo sawa. Nikapiga jeki, nikatikisa gurudumu kwa mikono miwili, beringi haikucheza. Nikabadilisha magurudumu, la kulia kushoto, la kushoto kulia, na bado upande uliokwaruza ulikuwa ule ule. Nikavuta uzi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, zilikuwa sambamba. Nikakaza bolti. Mwisho nikaliweka gari kwenye uwanja wa shule uliosawazika, nikakata utete, nikapima kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi. Kushoto kulikuwa chini ya kulia kwa vidole vitatu.

Vidole vitatu upande mmoja ni springi. Hakuna fundi asiyejua. Lakini springi ile nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe miezi mitatu tu iliyopita, na nikaanza kutafuta kosa kila mahali isipokuwa pale palipopita mkono wangu. Nikapanda kwenye sanduku la nyuma. Katika ufa wa mbao nikakuta korosho tatu.

Zilikuwa mbichi, na maganda yake. Nikashuka nazo, nikaziweka kwenye kiganja mbele ya Mwalimu. Sikusema mengi. Nilisema gari hili limebeba mizigo lisiyoiweza.

Mwalimu akamgeukia Nikolao. Msimu wa korosho ulikuwa umepita punde, na kila mtu alijua madereva wanavyochukua magunia ya watu kwa siri. Mwalimu akamuuliza amebeba magunia mangapi. Nikolao akajibu kwamba hakubeba gunia. Alibeba kikapu kimoja, mara moja, cha dada yake Bibiana, mjane, kutoka shambani kwake mlimani hadi Masasi, kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua. Mwalimu akasema kila kitu huanza na kikapu.

Hapo ndipo Nikolao aliponigeukia. Hakukasirika. Aliniuliza kama fundi anavyoulizwa na dereva.

"Mzigo wa nyuma hukalisha nyuma," alisema. "Mbona hili limeinama mbele, tena upande mmoja?"

Nikajua. Mchanga ule ulinijia, na mtungi, na mkwe akichambua kunde. Ningesema wakati ule, ingekuwa aibu ya jioni moja. Badala yake nikafungua mdomo na maneno yakatoka yamejipanga: kwamba gari linapoteremka mlima uzito wote huja mbele, na barabara yetu imelalia kushoto, kwa hiyo springi ya kushoto ndiyo huumia. Ni maneno yenye ukweli kidogo ndani yake, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa kwa sababu yalifanana na somo.

"Springi umeitazama, fundi?" Nikolao akauliza.

"Nimeitazama," nikasema.

Sikuwa nimeitazama. Huo ndio uongo wenyewe, neno moja.

Mwalimu akanyoosha mkono, Nikolao akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja kile. Akachukua koti lake kwenye kiti. Akaniaga kwa heshima, akashuka mlima kwa miguu kuelekea Lisekese, safari ya siku mbili kwa mtu wa umri wake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada kule Masasi, Mwalimu aliwaambia watu mlangoni mwa kanisa kwamba amemwachisha kazi dereva wake kwa kukosa uaminifu. Alitaja na korosho. Kwa Masasi hiyo ilitosha. Hakuna mwenye lori aliyempa Nikolao usukani tena.

Gari liliachwa kwangu siku tatu. Siku ya kwanza sikuligusa. Siku ya pili nikaitoa springi ya kushoto, nikaifungua, nikazipanga bamba zake sita juu ya gogo. Nikachukua tupa. Chuma kilichokaza tupa huteleza juu yake na kulia. Chuma laini tupa hukiuma na kutoa unga. Bamba ya kwanza tupa iliteleza. Ya pili, ya tatu, iliteleza kwa shida. Ya nne iliuma. Ya tano ikauma. Ya sita, ile fupi ya chini, unga wake uliniangukia magotini.

Severina alipita nyuma yangu akaona ninavyozitazama. Aliniuliza kama ni zile za siku ya msiba. Nikamwambia ni zile. Akaenda zake, na siku ile chakula aliniwekea bila kuniangalia.

Mvua ilikuwa imejaza kila chombo. Nilikuwa na mapipa mawili ya maji yaliyotoka kwenye bati la shule, maji ya kuchezea. Nikazitia moto zile bamba, nikazipinda, nikazizamisha moja moja na kubadilisha maji kila mara kama tajiri. Ile fupi sikuirudisha. Nilikata nyingine kutoka chuma chakavu, na ile laini nikaifunga kwenye gunia nikaificha juu ya dari ya kibanda. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kiwepo kitu cha kuniogopesha.

Mwalimu alikuja na dereva mpya, Majaliwa. Gari lilisimama sawasawa, utete ulisoma kulia na kushoto mamoja. Mwalimu akalizunguka, mikono nyuma.

"Unaona, fundi," alisema. "Yule ameondoka, na gari limepona."

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu.

Yaani kazi nzuri kupita zote nilizowahi kufanya ikawa shahidi wa pili dhidi ya Nikolao. Kila gari lile lilipopita Newala bila kukwaruza, lilisema Nikolao mwizi. Nilianza kuchukia kulisikia. Nikiwa kazini likapita, nilipiga nyundo kwa nguvu zaidi. Wateja walidhani nina bidii.

Mwezi wa tano Mwalimu alipita akitoka Chilangala na magunia sita ya muhogo mkavu, ya kwake mwenyewe. Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kabisa, mbele imeinuka, tairi za mbele zinapinda bila kugusa kitu. Sote tulikuwa barabarani tunatazama. Hakuna aliyeona maana yake ila mimi na Severina. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tupa.

Kesho yake nikateremsha lile gunia darini, nikatia bamba na tupa kwenye mfuko, nikapanda lori la kwenda Masasi. Nilifika Lisekese mchana. Nikolao alikuwa shambani anavuna mtama. Njiani nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa na hamu ya kutukanwa, kusema kweli, ingenipunguzia.

"Shikamoo, Baba Anastasia."

"Marahaba, fundi." Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akanikaribisha kivulini. Halafu kabla sijafungua mfuko akasema jambo ambalo sikuliandalia kitu. "Nilitaka nije kwako mimi. Nilibishana nawe mbele ya mteja wako, na wewe ndiye unayejua kazi. Nimefikiri sana. Ni kile kikapu."

Nikamwambia hapana. Hakunisikia, au alidhani namfariji. Alieleza kwamba amepiga hesabu ya kona zote za mteremko, na kwamba siku ile ya kikapu alishuka kwa kasi kidogo kwa kuwa Bibiana alikuwa na haraka. Lazima ilikuwa siku ile. Miaka ishirini na mbili ya udereva, na akaliua gari la watu kwa kikapu. Alikuwa amemwambia Bibiana hivyo kwa maneno makali. Tangu mwezi wa pili dada yake hakukanyaga kwake, wala yeye kwa dada yake, na nyumba zao zinaonana.

Mtu yule aliniamini mimi kuliko alivyojiamini. Nilitamani ardhi inimeze na mfuko wangu.

Nikaitoa ile bamba, nikaiweka kwenye magoti yake pamoja na tupa. Alinitazama, akachukua tupa, akaipitisha mara moja. Unga ukamwagika. Akapitisha tena, polepole, na akawa anautazama unga ule kwenye suruali yake.

"Hii ni ya kushoto," alisema.

"Ni ya kushoto, baba. Zilikuwa tatu za namna hii. Sikuzitia maji. Na nilipokwambia springi nimeitazama, sikuwa nimeitazama."

Ningependa kusema alinisamehe, lakini hakusema hivyo, na mimi sikumwomba. Sikuona pa kusimama nikaomba. Alinyanyuka, akavaa koti lake, lile lile la siku ya ufunguo, akaishika bamba kwapani.

"Kwa Mwalimu tutakwenda Jumapili, baada ya ibada, palepale aliposemea," alisema. "Sasa hivi twende kwa Bibiana."

Bibiana alikuwa uani anasuka ukili. Alipomwona kaka yake alitaka kuingia ndani, kisha akaniona mimi, mgeni, akabaki kwa adabu. Nikolao alinisogeza mbele kwa mkono, akasimama nyuma yangu. Nikamsalimu mama yule, nikamweleza yote tangu mwanzo, na hapo sikuwa na lugha ya karakana ya kujifunika. Nilimwambia kikapu chake hakina kosa. Nilimwambia habari ya debe lililochemka, ya mtungi mlangoni, ya mkwe na kunde zake, na kwamba niliona aibu kuomba.

Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza aliuliza maji yaliyopungua yalikuwa kiasi gani.

"Debe moja, mama."

"Debe moja." Akauweka ukili chini. "Maji ya mkweo uliona aibu kuyaomba. Jina la kaka yangu hukuona aibu kulichukua."

Nilimsikia Nikolao nyuma yangu akipumua kwa kinywa, kama mtu aliyepandisha mlima.

Bibiana akainuka kwa ule mguu wake mbaya, akaniambia Jumapili niseme hivyo hivyo, na habari ya mtungi nisiiruke. Kisha akamtazama kaka yake, akamwonyesha kiti kwa kidevu, na Nikolao akaenda akaketi. Mimi nilibaki nimesimama. Yeye akaingia ndani, akatoka na kata iliyojaa maji, akanipa kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa nimetoka safari.

Nikayanywa yote. Waliningoja mpaka nikamaliza.